Matairi makubwa kwenye rimu za lori la kijeshi: kipi ufanye mwenyewe, kipi ukiachie kizimba

«Nimenunua lori la zamani la jeshi la Marekani, M35A2, lenye magurudumu kumi ya 9.00-20, yote matairi ya nailoni yenye tyubu. Nimepata matairi sita ya waya ya 395/85R20 yaliyotoka kwenye malori mapya zaidi ya kijeshi, nami nataka kuyafunga mwenyewe kwenye rimu zilezile, nyuma nikiweka moja moja badala ya mapacha. Nina liva ndefu, nyundo kubwa, kompresa na rafiki wawili wenye nguvu. Fundi mmoja ameniambia rimu za ringi ni za kuua na hataki hata kuzigusa. Mwingine anasema nizungushe mnyororo kwenye gurudumu wakati wa kujaza upepo, basi, na tairi likikataa kukaa nipulizie dawa ya kuwashia injini kisha niwashe kiberiti. Nimwamini nani? Je, nitahitaji tyubu, na nijaze upepo kiasi gani?»

Umeuliza kana kwamba jambo ni moja, lakini yako mawili, na la pili ndilo ambalo wengi hulisahau. La kwanza ni kama mtu anaweza kufunga matairi ya namna hii kwa mikono yake bila kujiua. La pili ni kama matairi uliyoyapata ni ya rimu ulizo nazo. Nikujibu kwa ufupi kabla ya kueleza: karibu kazi yote ya kufungua, kusafisha na kuvalisha tairi unaweza kuifanya wewe na rafiki zako, mradi gurudumu halina hata chembe ya upepo, kazi ya kujaza upepo usiifanye nje ya kizimba cha chuma kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, na matairi ya 395/85R20 hayafai kwenye rimu za asili za lori lako, hata yakifungwa na fundi hodari kuliko wote.

Nianze na wale mafundi wawili. Wa kwanza ana haki ya kuogopa, ingawa hofu yake imechanganya mambo. Jina baya la rimu za ringi limetokana kwa sehemu kubwa na aina moja ya zamani ambayo msingi wake uligawanyika katikati, chini ya tairi, mahali ambapo jicho haliwezi kufika baada ya tairi kuvaa. Hiyo ilikuwa inaachana hata ikiwa barabarani. Rimu za M35A2 si za aina hiyo. Zina msingi mzima, na upande mmoja wa ukingo ni ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, ambayo hutanuliwa kidogo na kuingizwa kwenye mfereji wa msingi. Ringi hiyo unaiona kwa macho, unaweza kuipima, na ikikaa sawasawa kwenye mfereji safi, upepo wenyewe ndio unaoizuia isitoke. Malori mengi yamefanya kazi miaka mingi na rimu za namna hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba rimu hizi haziguswi. Kilicho kweli ni kwamba hazimsamehe anayezigusa kwa haraka.

Fundi wa pili usimsikilize kwa lolote kati ya hayo mawili aliyokwambia, na nitaeleza sababu.

Ili uelewe hatari ilipo, fuata njia ya nguvu. Upepo hausukumi ringi moja kwa moja. Husukuma ubavu wa tairi kwenda nje, ubavu unausukuma ukingo wa tairi, yaani ile sehemu nene yenye waya ndani inayokaa kwenye rimu, na ukingo ndio unaoikandamiza ringi. Nguvu hiyo hutegemea mambo mawili: kiasi cha upepo na ukubwa wa ubavu. Kwa makadirio, tairi la 9.00-20 lenye upepo wa pauni 50 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho geji nyingi huandika psi, huisukuma ringi kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 9 hivi. Tairi la 395/85R20 lina ubavu mrefu zaidi, na likijazwa psi 80 hufika karibu tani 20. Kwa maneno mengine, ringi ileile iliyochongwa kwa ajili ya tairi la kwanza sasa inaombwa kubeba zaidi ya mara mbili. Ikiwa ncha yake moja imekalia kutu badala ya kuingia kwenye mfereji, haitelezi polepole. Huruka, na kinachoisukuma si kipande cha chuma tu bali upepo wote uliobanwa ndani, unaotanuka mara moja. Ndiyo maana watu huumia vichwa, vifua na mikono, kwa sababu ndivyo vinavyokuwa juu ya gurudumu mtu anapoinama kutazama kama ringi imekaa.

Sasa mnyororo. Sitakudanganya kwamba haujawahi kumwokoa mtu, lakini hakuna anayejua mnyororo ulionao unahimili nini, hasa unapopigwa kwa ghafla badala ya kuvutwa taratibu. Ukilegea kidogo, ringi hupata nafasi ya kuchukua kasi kabla ya kuufikia, kisha pingu moja ikikatika mnyororo wenyewe unakuwa fimbo. Kizimba kinachostahili jina hilo hutengenezwa kihimili nguvu kubwa kuliko ile ya tairi. Kanuni ya mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, namba 1910.177, ambayo imeandikwa kwa ajili ya magurudumu ya magari makubwa kama haya, hutaka kizimba kihimili asilimia 150 ya upepo wa juu kabisa wa aina ya gurudumu linalojazwa ndani yake. Kanuni hiyo huwahusu waajiri na wafanyakazi wao, haikuhusu wewe uliye nyumbani na lori lako, lakini chuma hakijui nani ameajiriwa. Chati ya OSHA inayoendana na kanuni hiyo inaruhusu upepo wa psi 3 tu nje ya kizimba kwa gurudumu la ringi, wa kuiweka ringi mahali pake au kuipa tyubu umbo lake. Tatu, si thelathini.

Dawa ya kuwashia injini ni jambo jingine kabisa, na ni baya zaidi, kwa sababu watu huliona likifanyika na likafanikiwa. Mvuke ukiwaka ndani ya tairi, upepo hupanda kwa kiasi ambacho hakuna geji inayoweza kukionyesha wala mkono unaoweza kukizuia. Kwenye rimu ya ringi mlipuko huo hutokea wakati ringi bado haijabanwa na chochote. Zaidi ya hapo, mvuke usioungua hubaki ndani ya tairi, na mtu mwingine, miezi baadaye, akija na moto wa kuchomelea karibu na rimu hiyo, ndiye atakayelipa. Kwa tairi lako hoja yenyewe haina hata maana: tairi lenye tyubu halihitaji kuzibwa na mlipuko, tyubu ndiyo inayoshika upepo. Aliyekupa ushauri huo hakujiuliza hata gurudumu lako ni la aina gani.

Tukija kwenye matairi yenyewe, rimu za M35A2 zina upana wa inchi 7.5. Tairi la 395/85R20 limeundwa kwa rimu ya inchi 10. Utawaona watu wamelilazimisha kwenye 7.5 na lori linatembea, na hilo ndilo linalowapa wengine moyo. Kinachotokea ni kwamba kingo mbili za tairi zinasogezwa karibu kuliko zilivyokusudiwa, mbavu zake zinajikunja kwa kiasi kikubwa zaidi, na uso wa tairi unavimba katikati, hivyo unalika katikati na kuacha mabega mapya. Lori huyumba kwenye kona. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni jinsi ukingo unavyoikalia ringi: hauikandamizi kwa pembe iliyotarajiwa na aliyeichora, na ringi ambayo tumeona nguvu inayoisukuma imezidi mara mbili haipaswi kusukumwa kwa pembe ya kubahatisha. Ukipunguza upepo ili kupunguza nguvu hiyo, mbavu za tairi zinajikunja zaidi na kupata joto. Huna pa kutokea.

Una njia tatu za uaminifu. Ya kwanza ni kuyauza matairi hayo na kununua yanayolingana na rimu zako: 9.00R20 au 10.00R20 ya waya, ambayo hukubali rimu ya upana wa 7.5, au 11.00R20 ikiwa mtengenezaji wa tairi husika anaikubali rimu ya 7.5 katika jedwali lake, kwa kuwa kipimo chake cha kawaida ni 8.0. Tairi la 11.00R20 lina kimo cha mita 1.08 hivi dhidi ya mita 1.03 ya lile la sasa, kwa hiyo unapata ukubwa kiasi bila kuvuruga lori zima. Ya pili ni kubaki na matairi yako na kutafuta rimu za inchi 10 zenye matundu sita yanayolingana na stadi zako, yaani bolti za kitovu zinazoshika gurudumu, au kumpa mtengenezaji wa rimu mwenye ujuzi na vifaa vya kupima kazi ya kuzitengeneza upya kwa vitovu vya lori lako. Nasema mtengenezaji wa rimu, si rafiki mwenye mashine ya kuchomelea. Ya tatu ni kubaki na mapacha ya nailoni, ambayo hayapendezi kwenye picha lakini hubeba mzigo vizuri, na ukipata pancha moja nyuma bado unafika.

Mimi ningechagua ya kwanza kama lori linabeba mizigo au linatembea barabarani, na ya pili kama ni la matope na mchanga na una fedha ya kuifanya kikamilifu.

Ukienda njia ya pili, ujue kwamba kimo cha 395/85R20 ni mita 1.18, yaani asilimia 14 hivi zaidi ya ulichonacho. Spidomita ikisoma 70, wewe unakwenda 80. Gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho, na utalihisi kwenye mlima. Breki nazo: ngoma inabana kwa nguvu ileile, lakini kwa kuwa gurudumu ni refu zaidi, nguvu inayofika ardhini inapungua kwa asilimia 13 hivi, na hili ni lori ambalo breki zake za mafuta zinazosaidiwa na upepo zina mzunguko mmoja tu. Bomba moja likipasuka, zote zimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kufikiria matairi makubwa, breki ziwe katika hali ya juu kabisa, na si wakati wa kufanya uchumi kwenye mabomba ya zamani. Usukani wa M35A2 wa kawaida hauna msaada wa mafuta, na tairi pana mbele litakufanya uukumbuke kila unapoegesha. Kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote, lori likiwa limebeba uzito wake, uone kama tairi linagusa springi au mkono wa usukani. Pengo la kidole kimoja gari likiwa limesimama si pengo gari linapopanda jiwe.

Una matairi sita. La akiba liko wapi? Silitaji kama jambo la mwisho la orodha, kwa maana ekseli mbili za nyuma za lori hili huendeshwa pamoja bila difu kati yake, na ukiweka la akiba la kimo tofauti nyuma, ekseli hizo zitapigana hadi kitu fulani kiachie. Tafuta la saba, au ukubali kwamba pancha ina maana ya kusimama hapo ulipo.

Yachunguze pia hayo uliyoyapata, maana matairi ya mitumba ya kijeshi mara nyingi yana kashata nzuri, yaani meno ya uso wa tairi, na umri mbaya. Ubavuni tafuta namba ya tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 1209 ni wiki ya 12 ya mwaka 2009. Zikiwa tarakimu tatu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na hapo hatuna la kujadili. Tazama nyufa kwenye mizizi ya kashata na ubavuni. Kisha, na hili ni kwa matairi ya waya pekee, pitisha mkono uliovaa glavu ubavuni ndani na nje ukitafuta mawimbi, sehemu laini au waya uliochomoza. Tairi la waya lililoendeshwa na upepo mdogo, au lililobeba gari likiwa limekaa bila upepo, huweza kuwa na nyuzi za chuma zilizochoka ndani ya ubavu bila alama kubwa nje. Ukilijaza upepo tena, uzi mmoja hukatika, jirani yake hubeba mzigo wake na kukatika pia, na ubavu mzima hufunguka kwa mstari kama zipu. Hutokea hata kwenye rimu nzima isiyo na ringi, na ndiyo sababu ya pili ya kizimba. Wakati wa kujaza, mlio wa kukatikakatika kutoka ubavuni, hata mdogo, ni amri ya kutoa upepo wote kutoka mbali na kulitupa tairi hilo.

Kuhusu tyubu: ndiyo, utaihitaji ukitumia rimu za ringi za asili. Ili rimu ya ringi iweze kutumika bila tyubu, lazima iwe na mfereji wa pili wa pete ya mpira ya kuziba, na rimu zako hazina. Usitumie tyubu ya 9.00-20 kwa kuinyoosha kwenye tairi kubwa. Hukonda na hupasuka penye mkunjo. Nunua tyubu iliyoandikwa saizi ya tairi lako na iliyoruhusiwa kwa matairi ya waya, kwa sababu tairi la waya hujikunja zaidi na huisugua tyubu kwa namna ambayo la nailoni halifanyi. Weka na flapu mpya, ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu. Flapu ya zamani iliyokakamaa hukata tyubu mpya ndani ya muda mfupi, na watu humlaumu aliyeuza tyubu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo naamini unaiweza. Kabla ya kulegeza nati hata moja, gurudumu likiwa bado kwenye lori, toa kiini cha valvu na uache upepo wote utoke. Kama ni mapacha, yatoe upepo yote mawili. Ukidhani umekwisha, ingiza kipande cha waya mwembamba kwenye mdomo wa valvu na ukisukume hadi ndani, kwa sababu kutu, matope au unga wa mpira huweza kuuziba na kukudanganya kwamba hakuna kitu. Waya ukitoka na mfoko wa upepo, umejiokoa. Sababu ya kufanya hivi mapema ni kwamba ringi iliyopasuka inaweza kuwa imeshikiliwa na gurudumu la jirani au na nati zenyewe, na ukizitoa unaiachia huru. Kama siku moja utahamia kwenye Humvee, gari jepesi la jeshi la Marekani, kumbuka kwamba rimu zake ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati zilizozunguka, na nati hizo si zile nane zinazoshikilia gurudumu kwenye gari. Anayezifungua tairi likiwa na upepo huwa ameilegeza rimu yenyewe.

Utakapolaza gurudumu chini, ringi iwe juu, ukingo wa tairi la zamani utakuwa umeshikana na rimu kwa kutu ya miaka. Hapa ndipo rafiki zako watakapopata kazi. Mimina kilainishi cha matairi cha asili ya mimea kuzunguka, uache kikae, kisha usukume ukingo chini kidogo kidogo kwa chombo cha kuachanisha, ukizunguka gurudumu zima badala ya kushindana na mahali pamoja. Usitumie grisi wala mafuta ya injini, kwa sababu hula mpira, na sabuni ya kufulia yenye chumvi huharakisha kutu. Usitumie moto kabisa, wala kuchomelea rimu ikiwa na tairi juu yake, hata tairi lisilo na upepo: mpira uliopashwa joto hutoa gesi inayoweza kulipuka ndani. Wapo wanaokanyaga tairi kwa lori jingine ili kuliachanisha, na huwa wanafanikiwa, ila nimeona kingo za rimu zilizopinda kwa namna hiyo na kuanzia hapo ringi haikai tena.

Ukingo ukishashuka, ingiza liva kwenye pengo la ringi, inua ncha moja, na uitoe ringi kwa kuifuata kuzunguka. Rafiki yako asiegemee juu yake. Ringi huwa na mkazo wake hata bila upepo.

Kisha fanya sehemu isiyo na sifa, ya kusafisha. Mfereji wa rimu, ule unaopokea ringi, uusugue kwa brashi ya waya hadi uone chuma kitupu, mpaka kwenye kona ya ndani kabisa, maana tabaka la kutu lenye unene wa kucha linatosha kuinua ringi. Laza ringi kwenye sakafu iliyonyooka: ikiyumba kama sahani iliyopinda, imekwisha. Tazama ncha zake na sehemu ya nyuma iliyo mkabala na mkato kwa nyufa, na kama una rangi ya kupenya inayotumika kuonyesha nyufa za chuma, huu ndio wakati wake. Soma alama zilizogongwa kwenye ringi na kwenye msingi, uhakikishe zimeandikiwa saizi na aina moja. Ringi mbili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana milimita chache zinazotosha kuua. Ringi iliyopinda hainyooshwi, iliyopasuka haichomelewi, na ya rimu nyingine haiazimwi. Paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, si nene, kwa kuwa rangi nene ni kutu ya aina nyingine.

Kuvalisha ni rahisi kuliko kuvua. Tia tyubu ndani ya tairi na upepo kidogo wa kuipa umbo, weka flapu bila mkunjo, utoe upepo huo, paka kilainishi kwenye kingo, na mlishushe tairi kwa watu watatu, si mmoja, kwani lina uzito wa karibu kilo 100. Valvu iangaliane na tundu lake. Ringi iingize kuanzia ncha moja, ukizunguka kwa miguu na nyundo ya mpira, hadi ncha ya pili iingie. Zikiwa zimekaa vizuri, utaona pengo dogo, sawa, kati ya ncha mbili, na ringi iliyolala kwa kimo kimoja kuzunguka rimu nzima. Hapa, pasipo na upepo, ndipo unaporuhusiwa kugonga. Kuanzia psi ya kwanza, nyundo iwekwe kando. Ringi isiyokaa hurekebishwa kwa kutoa upepo wote na kuanza upya.

Kisha pakia magurudumu, yakiwa bila upepo, uyapeleke kwa fundi wa matairi ya malori mwenye kizimba. Mwambie wazi kwamba ni rimu za ringi na kwamba umefunga mwenyewe, umwachie nafasi ya kukagua kazi yako. Akitaka kuvua ringi moja aitazame, usione amekudharau. Nenda ukiwa na mpangilio kichwani: bomba la kujazia liwe na kishikio kinachojibana chenyewe kwenye valvu, geji na valvu ya kufungia viwe mbali, na hakuna anayeweka mkono ndani ya kizimba wala kusimama mbele au nyuma ya ringi. Kwa tairi lenye tyubu, huwa vyema kujaza hadi kingo zikae, kutoa upepo wote, kisha kujaza tena, ili tyubu ijinyooshe mikunjo yake. Likifika upepo unaotakiwa, liachwe ndani ya kizimba dakika chache huku masikio yakiwa wazi.

Upepo kiasi gani? Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni ya mzigo mkubwa kabisa, si ya lori lako. Tairi la 395/85R20 lenye namba ya mzigo 168 linaweza kubeba kilo 5,600, wakati M35A2 tupu lina uzito wa tani 6 hivi kwa magurudumu yote. Chukua lori kwenye mizani, upime mbele na nyuma kando kando na mzigo wako wa kawaida, kisha usome jedwali la mtengenezaji wa tairi. Utapata namba ya chini kuliko unavyotarajia, na ringi yako itakushukuru. Usishuke chini ya jedwali kwa ajili ya ulaini wa safari, na kama tairi limewahi kuendeshwa likiwa na asilimia 80 au chini ya upepo wake, usiliongeze upepo likiwa kwenye lori. Litoe upepo wote, livuliwe, likaguliwe, lirudi kizimbani.

Ikiwa huna fundi mwenye kizimba karibu, au ukikuta ufa, ringi isiyotambulika, alama zisizosomeka, au ukabaki na shaka ambayo huwezi kuieleza, usiendelee. Mtafute mtu anayehudumia malori makubwa au mitambo ya ujenzi, kwa kuwa hao hushughulika na ringi hadi leo, na umwonyeshe rimu kwa mkono, si kwa picha.

Wakati wa kurudisha, kumbuka kwamba nati za upande wa kushoto wa M35A2 zina uzi wa kinyume, hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa, na stadi nyingi zimekatwa na watu wenye nguvu wasiojua hilo. Nyuma, mapacha hushikwa na nati za ndani na za nje. Ukiweka gurudumu moja, hakikisha nati inayobaki ina uso wa duara unaolingana na tundu la rimu. Kaza kwa mkato, nati inayotazamana na iliyotangulia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha lori. Endesha kilomita 80 hadi 160 za kwanza bila mzigo, kisha usimame uzikaze zote tena, na hapohapo utazame pengo la kila ringi kama bado liko vilevile ulivyoliacha.